Silansie ya jeep: sauti ni kitu kimoja, nguvu ni kitu kingine

Mambo haya yanatokea karibu kila juma kule Himbi. Ni saa mbili ya usiku, kwenye barabara inayotoka katikati ya muji kwenda Sake. Jeep moja inapita. Moteri yake ni ndogo, ya silinda nne, lakini sauti inafika mbele ya taa. Shofere anaachilia mguu kwenye mafuta, na bomba la moshi linapasua: pa! pa! Mama aliyekaa na makala yake kando ya njia anainama. Mtoto anamshika dada yake. Kisha kila mutu anaelewa kwamba ni gari tu. Watu wanacheka kidogo, lakini moyo unakawia kutulia.

Goma ni muji uliosikia risasi na mabomu mara nyingi mno. Ndiyo maana habari ya silansie, kile chombo cha kupunguza sauti kilichofungwa chini ya gari, si habari ya mtindo peke yake. Inagusa jirani, inagusa afya ya wale wanaokaa ndani ya gari, na inagusa mfuko wa mwenye gari.

Hata hivyo, mwenye jeep naye iko na sababu zake. Mara silansie ya zamani imetoboka. Mara gari inavuta vibaya na anatafuta nguvu. Mara anapenda sauti nzito, na kupenda sauti nzito si kosa. Shida ni kwamba kwenye garaji mingi jibu linalotolewa ni lile lile: “Toa hiyo silansie, utaona namna gari inakimbia.” Jibu hilo linachanganya mambo mawili ambayo hayaendi pamoja kila wakati. Gari yenye kelele si lazima iwe na nguvu.

Gari inachoka juu ya nini?

Magari mengi ya 4x4 yanayotembea Himbi, yale watu wa Goma wanaita jeep hata kama ni Toyota ao Nissan, yalitumika kwanza Japani ao Dubai. Yaliingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, usawa wa bahari, kisha yakapanda hadi huku. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha karibu mita 1,460, na sehemu kubwa ya muji iko juu zaidi ya hapo.

Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi. Kila pumzi ambayo moteri inavuta iko na oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15, ukilinganisha na pwani. Moteri isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Iliyokuwa na nguvu 100 kule Mombasa, hapa Goma inabaki na 85 hivi. Moteri yenye turbo inapoteza kidogo kuliko hiyo, sababu turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda.

Hii njo siri ya kwanza ambayo mwenye gari anapaswa kuijua kabla ya kutoa makuta. Ule uzito anaousikia wakati anapandisha kilima, kwa sehemu kubwa, unatokana na kimo cha muji. Silansie inakaa upande wa kutoka. Haiwezi kuongeza hewa upande wa kuingia.

Sababu nyingine ziko karibu zaidi, na zinarekebishwa kwa bei ndogo. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linajaza filtri ya hewa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Buji za zamani zinaunguza esanse vibaya. Breki inayokwama inashikilia gurudumu. Tairi zenye upepo kidogo zinaongeza uzito. Fundi mwaminifu anaanza na mambo haya manne kabla ya kulala chini ya gari na mashine ya kukata chuma.

Njia ya moshi, kutoka mbele hadi nyuma

Moshi unatoka kwenye silinda ukiwa moto sana, tena kwa mapigo. Kila silinda inapofungua mlango wake wa kutokea, wimbi la shinikizo linakimbia ndani ya bomba. Sauti ya moteri njo mawimbi hayo yakifuatana.

Mapigo yanakusanyika kwanza kwenye kolekteri, pale mabomba madogo ya silinda yanapoungana. Kwenye magari ya esanse ya miaka hii, kinachofuata ni katalizeri, chombo chenye vijia vidogo vidogo kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya platini, paladi na rodi. Madini hayo yanageuza gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Kabla na nyuma ya katalizeri kuna sonda za oksijeni, ambazo zinaambia kompyuta ya gari kama mafuta ni mengi ao ni machache. Baada ya hapo kuna kipande kinachopindika ili kisivunjike moteri inapotikisika. Mara nyingi kunakuwa na silansie ndogo ya katikati, kisha silansie kubwa ya nyuma, na mwisho mdomo wa bomba.

Mtu anaposema anataka kubadilisha silansie, mara nyingi anasema juu ya ile kubwa ya nyuma. Hapo kazi ni nyepesi na hatari ni ndogo. Fundi anapopendekeza kukata pia ya katikati, ao kutoa katalizeri, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Mwenye gari amuulize kwa nini.

Aina tatu za silansie

Silansie zote zinafanya kazi moja, kupunguza nguvu ya yale mawimbi. Njia zake ni tatu.

Aina ya kwanza ni ya vyumba. Ndani kuna kuta za chuma zinazogawanya chombo. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na wimbi lingine, na yote mawili yanapunguzana. Karibu silansie zote zinazotoka kiwandani na gari ni za namna hii, wakati mwingine zikichanganywa na pamba. Zinatulia, zinadumu, na zinaweza zaidi ile sauti ya chini, ya kunguruma. Kuna pia silansie za vyumba zinazouzwa kwa wapenda sauti. Kuta zake ni chache, na mngurumo unatoka mzito.

Aina ya pili ni ya bomba lililonyooka. Moshi unapita katikati ya bomba lenye matundu mengi, na kandokando yake kumefungwa pamba ya kioo, ya chuma ao ya mawe. Hiyo pamba ya mawe inatengenezwa kwa kuyeyusha jiwe la volkano la aina ya bazalti na kulivuta kuwa nyuzi. Sauti inaingia kwenye pamba na kufa humo. Moshi unapita bila kizuizi kikubwa. Aina hii inapunguza vizuri sauti kali ya juu, lakini mngurumo wa chini unapita kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba pamba inaungua na kutoka polepole. Silansie iliyokuwa nzuri mwaka wa kwanza inaweza kupiga kelele mwaka wa tatu.

Aina ya tatu iko katikati. Moshi unazungushwa kama herufi S ndani ya mabomba yenye matundu. Inaachilia moshi kuliko ile ya vyumba vingi, na inatulia kuliko ile ya bomba lililonyooka. Kwa jeep ya familia ambayo mwenyewe anataka sauti nzito kidogo bila kuamsha kartie, mara nyingi hii njo inafaa.

Kipimo kingine ni ukubwa wa chombo chenyewe. Silansie nzuri iko na ujazo mara kadhaa kuliko ujazo wa moteri. Kile kikopo kifupi chenye mdomo mpana unaong'aa, kikifungwa nyuma ya moteri ya lita 3, hakina fasi ya kutosha kumeza sauti.

Bomba pana: faida ao hasara?

Wengi wanaamini kwamba bomba likiwa pana zaidi, gari inapumua zaidi. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa magari yanayokimbizwa kwa mizunguko ya juu ya moteri.

Moshi unaokimbia ndani ya bomba la upana unaofaa unavuta nyuma yake moshi wa pigo linalofuata. Kwa moteri ya lita 2 isiyo na turbo, bomba la milimita 50 hivi linatosha. Likibadilishwa kuwa milimita 63, nafasi ya ndani inaongezeka kwa karibu asilimia 60, na mwendo wa moshi unapungua. Kule chini, kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,500 kwa dakika, gari inaweza kuwa nzito kuliko mwanzo.

Na huko chini njo jeep ya Himbi inakaa siku nzima. Kwenye avenue za mawe, kati ya motari na chukudu, nani anafikisha mizunguko 6,000? Ile faida ndogo ya bomba pana, ambayo mara nyingi ni asilimia chache tu, inapatikana kule juu ambako gari haifiki. Hasara inapatikana hapa chini, kila asubuhi.

Gari yenye turbo ni tofauti. Turbo inazungushwa na moshi, na yenyewe inakata sehemu ya sauti. Bomba lililo huru nyuma ya turbo linaweza kusaidia kweli. Kwa hiyo Prado ya mazutu yenye turbo inaweza kusikia mabadiliko kidogo. RAV4 ya zamani ya esanse ya lita 2 itasikia zaidi kelele. Na ile Land Cruiser ngumu ya mashirika, yenye moteri ya 1HZ ya mazutu, lita 4.2, silinda sita bila turbo, haijaundwa kukimbia. Faida kubwa kwake ni silansie nzima isiyovuja, iliyo sawa na ile ya kiwandani.

Kitu kimoja kinaweza kweli kurudisha nguvu kupitia upande wa moshi, nacho ni kuondoa kilichoziba. Katalizeri iliyoyeyuka ndani, silansie ambayo ukuta wake umeanguka, ao bomba lililogongwa na jiwe likajikunja, hivyo vinasonga moteri. Dalili zake ni gari kukosa nguvu zaidi kila inapoongezwa mafuta, na moshi kutoka kwa unyonge kwenye mdomo wa bomba. Hapo kubadilisha ni lazima, na mwenye gari ataona tofauti siku hiyo hiyo.

Sauti: kuchagua bila kujidanganya

Sauti ya gari inaanzia kwenye idadi ya silinda. Moteri ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inapiga karibu mara 67 kwa sekunde. Ya silinda sita inapiga mara 100, na ya silinda nane mara 133 hivi, kwa mpangilio mwingine. Hakuna silansie inayoweza kugeuza silinda nne kuwa nane. Mwenye RAV4 anayetafuta sauti ya V8 atapata sauti ya RAV4 iliyotoboka.

Kuna pia ule mngurumo wa ndani. Jeep iko na sanduku kubwa la nyuma, kama ngoma. Mapigo ya chini yakikutana na ukubwa wa sanduku hilo, kioo kinatetemeka na masikio yanaziba, mara nyingi kati ya mizunguko 1,800 na 2,500, mwendo ule ule wa kwenda Sake. Dakika tano za kwanza inafurahisha. Baada ya saa moja, kichwa kinauma na watoto wanalia. Mara nyingi kinachosababisha hali hiyo ni kukata ile silansie ndogo ya katikati, ambayo kazi yake ni kuua mlio wa aina moja tu. Kuibakisha ni njia rahisi ya kupata sauti nzito nje na utulivu ndani.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi, na sikio linaisikia kama imekuwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilisema kelele za barabara usiku zisipite wastani wa desibeli 45, sababu zaidi ya hapo usingizi unaharibika. Himbi ni kartie ya makao, ya shule, ya hoteli na ya ofisi, na nyumba nyingi ziko karibu na njia. Gari moja bila silansie inapita kwa sekunde chache, lakini avenue nzima imeamka.

Sheria nayo haijanyamaza. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo barabarani, ambayo Kongo iliingia tangu enzi za Zaïre, yanataka kila gari ya moteri iwe na silansie inayofanya kazi. Nchini, kanuni ya barabara ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Anayetoa silansie kabisa asishangae akisimamishwa njiani.

Na ule mlio wa pa! pa!, je? Hiyo ni esanse ambayo haikuungua ndani ya moteri, inaungua ndani ya bomba. Vijana wengine wanautafuta kwa makusudi. Kwenye gari ya kila siku ni dalili ya hewa inayoingia kwenye bomba lililovuja, ya buji mbaya, ao ya mafuta yaliyopita kiasi. Kwa maneno mengine, ni makuta ya esanse yanayoungua fasi yasipofaa. Na kwa yule aliyewahi kulala chini ya kitanda usiku wa mapigano, mlio huo hauna mchezo.

Gesi isiyoonekana

Wakaaji wa Goma wanaijua mazuku. Kwenye mashimo ya mawe na mabonde, magharibi ya muji kandokando ya ziwa, gesi ya kaboni inatoka chini ya ardhi na kulala bondeni. Haionekani. Mbuzi anaingia na hatoki, na watu pia wamepoteza maisha humo.

Moshi wa gari unabeba gesi nyingine ya ukoo huo, monoksidi ya kaboni. Nayo haionekani wala hainuki. Lakini yenyewe haingoji bondeni. Inachanganyika na hewa ya kawaida na kuingia popote. Ndani ya damu inashikana na chembe nyekundu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kutapika, kusinzia. Huku kwetu wengi watasema ni malaria.

Kwa hiyo silansie iliyotoboka chini ya viti si shida ya sauti tu. Moshi unapanda kupitia matundu ya sakafu. Bomba lililokatwa likaishia katikati ya gari, badala ya kutoka nyuma ao pembeni kabisa, linafanya vile vile. Jeep iko na hatari yake ya pekee. Mtu akitembea na mlango wa nyuma wazi juu amebeba matela ao mizigo mirefu, upepo unavuta moshi na kuurudisha ndani walimo watoto. Mzigo mrefu ni wa kufungwa juu ya gari. Na gari isiachwe ikiwaka asubuhi ndani ya garaji iliyofungwa, ao chini ya dirisha la chumba katika parsele yenye ukuta.

Katalizeri inapunguza sumu hiyo kwa kiasi kikubwa ikiwa nzima na ya moto. Kuitoa ili gari “ipumue” ni kuachilia sumu yote. Taa ya moteri itawaka kwenye tabulo, na kuizima kwa mashine hakuondoi shida. Tena ile katalizeri ya zamani iko na bei, sababu ya madini yaliyomo. Sehemu nyingi duniani inauzwa, na hata kuibwa chini ya magari. Fundi akipendekeza kuitoa bure na kubaki nayo, mwenye gari ajue kwamba kuna anayepata faida hapo. Piesi ya zamani ni mali ya mwenye gari.

Magari ya mazutu yanatoa monoksidi kidogo kuliko ya esanse, lakini masizi yake ni mengi. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu.

Mawe, maji na kutu

Silansie nyingi zinaoza kutoka ndani. Lita moja ya esanse ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba linapata moto na mvuke unatoka. Safari ikiwa fupi, kama kutoka Himbi hadi katikati ya muji, maji yanabaki ndani ya silansie pamoja na asidi kidogo, na kutu inaanza. Ndiyo maana viwanda vingi vinatoboa tundu dogo chini ya silansie ili maji yatoke. Fundi asilione akafikiri ni uharibifu na kulisude. Na gari ya safari fupi ipelekwe mara moja kwa juma kwenye safari ya nusu saa.

Juu ya chuma, kuna ngazi tatu. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ni rahisi, lakini kinaoza haraka. Chuma kilichopakwa alumini kinadumu zaidi, ila pale kinapochomelewa ule mpako unaungua, kwa hiyo kiungo hicho kipakwe rangi ya kuvumilia moto. Chuma kisichoshika kutu kinadumu kuliko vyote, na bei yake inapanda. Sumaku inasaidia kidogo. Isiposhika kabisa, kwa kawaida ni chuma kisichoshika kutu cha daraja la juu. Ikishika, bado inaweza kuwa kizuri cha daraja la chini, ao chuma cha kawaida.

Mwisho ni mawe. Avenue nyingi za Goma zimepita juu ya lava, pamoja na ile ya mwaka 2002. Silansie nono inayoning'inia chini ya kila kitu itagongwa wiki ya kwanza. Ipande juu, kati ya vyuma vya gari, ishikwe na mipira inayonyumbulika. Ikisudiwa moja kwa moja kwenye bodi, itavunjika ao itatikisa gari nzima.

Kwenye garaji: mambo ya kuomba

Mwenye gari aanze kwa kuomba gari ipandishwe, aone kwa macho yake pale palipoharibika. Mara nyingi ni kiungo kimoja ao mpira mmoja.

Kama ni kubadilisha, aulize mambo haya: silansie ni ya moteri ya lita ngapi? Upana wa mdomo wa kuingilia ni sawa na bomba la zamani? Ndani kuna vyumba ao pamba? Silansie iliyopita majaribio ya kanuni namba 59 ya Umoja wa Mataifa, ile ya silansie za kubadilisha, inapigwa chapa ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Chapa inaweza kuigwa, lakini ikikosekana kabisa kwenye chombo kinachoitwa cha Ulaya, hilo ni swali.

Piesi ya okazio iliyotoka kwenye gari ya namna moja mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyojulikana. Itikiswe kwanza. Kama kuna kitu kinacheza ndani, ukuta umeanguka. Igongwe kidogo kwenye mishono. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza.

Baada ya kufunga, na bomba likiwa bado baridi, fundi apake maji ya sabuni kwenye viungo, kisha awashe moteri. Povu likitokea, kuna fasi inavuja. Kiungo kinachovuja mbele ya sonda ya oksijeni kinaingiza hewa na kudanganya kompyuta, nayo inaongeza esanse bila sababu. Halafu gari itoke hadi kwenye lami ya Sake, vioo vikiwa vimefungwa, mwendo wa 40, wa 60, kisha wa 80. Fundi akubali mapema, mbele ya kulipwa, kwamba mngurumo ukizidi atarudisha ile silansie ya katikati. Silansie ya zamani, kama haijaoza, isiachwe garajini.

Na kuna kipimo kimoja ambacho hakitaki mashine. Asubuhi mapema, mwenye gari amuachie mutu mwingine funguo awashe, yeye abaki chumbani kwa jirani, dirisha likiwa limefungwa. Kama jirani anaweza kuendelea kulala, silansie imechaguliwa vizuri.